Gorogoro ya Leo

Somo: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:8

Wiki hii nimeshindwa na kifuniko.

Ilikuwa Jumanne alfajiri, saa kumi na moja na nusu, ukungu wa Mau umeshuka mpaka langoni mwetu hapa Njoro. Mzee wangu alikuwa ameshakamua, akaenda kujiandaa kwenda shule anakofundisha. Iliyobaki ilikuwa kazi ya mtoto: kufungua mkebe wa maziwa, nichote ya chai, mengine apimiwe kijana wa pikipiki anayezunguka akikusanya. Mkebe wetu ni ule wa aluminiamu ambao kifuniko chake huzama ndani kikabana. Nikashika. Vidole vikakataa kukunjika. Nikaubana mkebe kwa magoti, nikavuta kwa viganja kama mtu anayeng'oa mhogo. Kikakaa pale pale. Kijana amefika, pikipiki inanguruma, maziwa ya majirani yako nyuma yanamngoja. Mwishowe akashuka, akatia kidole kimoja chini ya ukingo, kikafunguka. "Pole, Mchungaji," akasema, akapima, akaenda zake.

Nikaketi kwenye ngazi ya jikoni nikalia kidogo. Maumivu nimeyazoea, kama mtu azoeavyo mpangaji msumbufu. Kilichoniliza ni kile kidole kimoja.

Wengi wenu mnajua, maana mnaniona nikipanda mimbarini kwa kushika ukuta. Huu ni mwaka wa sita tangu daktari aniambie nina baridi yabisi, ile ya aina ambayo askari wa mwili waliopaswa kupigana na viini vya maradhi wanageuka na kuvamia utando wa ndani wa viungo. Hupenda viungo vidogo, vya vidole na viganja, kushoto na kulia kwa pamoja, na ukali wake ni asubuhi. Mimi huhitaji saa moja na nusu, siku nyingine mbili, kabla sijaweza kufunga kifungo. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Na huja na mwenzake ambaye watu hawamwoni: uchovu usiotokana na kazi. Mtu analala kwa muda wa saa tisa, anaamka kama aliyepakua lori la mbolea usiku kucha.

Jina lenyewe limetuponza. Baridi na yabisi, yaani ubaridi na ukavu, ni maneno ya utabibu wa kale uliofika pwani kwa mkono wa Waarabu, ambao nao waliupokea kwa Wayunani, utabibu uliogawa maradhi yote kwa joto na baridi, majimaji na ukavu. Daktari wa leo anazungumza habari za kinga ya mwili, lakini jina limebaki. Na huku kwetu, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ambako mwezi wa Julai mtu huona pumzi yake mwenyewe, jina hilo halihitaji wakili. Nimepewa masweta mangapi! Nimepewa tangawizi, majani ya thabai, mvuke wa mikaratusi, na ushauri wa kuhamia Mombasa. Vyote kwa upendo, navyo nimevipokea kwa upendo, hasa masweta.

Mwaka 2003 Mmarekani mmoja mwenye ugonjwa wa lupasi, Christine Miserandino, aliandika juu ya maisha yake kwa mfano wa vijiko: unaamka na vijiko kadhaa, kila kazi inakula kimoja, na vikiisha vimeisha hata kama jua bado liko juu. Mfano huo umezunguka dunia na umewasaidia wengi. Mimi vijiko havikuniingia, labda kwa sababu jikoni kwangu vijiko hupotea kila siku na hakuna anayelala njaa. Nilichoelewa ni gorogoro.

Gorogoro hakuna asiyeijua hapa Nakuru. Ni ule mkebe wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia ambao mafuta yakiisha hupanda cheo, ukawa kipimo cha soko: mahindi gorogoro moja, maharagwe gorogoro mbili. Nami kila asubuhi Bwana hunipimia nguvu, gorogoro moja. Kuoga na kuvaa ni kiganja kizima. Kuhubiri ni nusu ya mkebe, na hapo sijasalimiana na watu mlangoni. Matatu ya kwenda mjini kliniki, foleni ya kutolewa damu, foleni ya dawa na matatu ya kurudi ni mkebe mzima, na siku ya pili naamka nikidaiwa. Sasa, wale wanaonunua nafaka wanajua ujanja mmoja wa wauzaji. Mkebe hubonyezwa chini mpaka kitako kikapanda ndani; ukiutazama juu umejaa unamwagika, ukija kuumimina kwenye sufuria unabaki umeshangaa. Ziko siku zangu za namna hiyo. Mnaniona nimesimama, nimevaa kola, nacheka na watoto wa Sunday School. Kitako hamkioni.

Jangwani Waisraeli nao walipimiwa, pishi kwa kila kichwa, na aliyejaribu kuweka mana ya kesho alikuta funza. Tofauti ni kwamba wao siku ya sita walipewa maradufu. Mimi sijawahi kupewa maradufu ya Jumapili, ndiyo maana nimejifunza kupanga. Dawa yangu kuu, methotreksati, humezwa mara moja kwa wiki; atakayeimeza kila siku kwa kukosea anaweza kufa, kwa hiyo kama nyumbani kwenu iko, andikeni siku kwenye boksi kwa herufi kubwa. Mimi humeza Jumapili usiku, ibada ikiisha, ili kichefuchefu na uzito wake viiangukie Jumatatu, siku ya mapumziko ya wachungaji. Ukinipigia Jumatatu nisipokee, sijakukasirikia.

Kuhesabu hivi sikuanza kwa hiari. Sisi watu wa mashamba tunafundishwa kujaza. Litazameni gunia la viazi vya Shangi linaloteremka kutoka Molo au Kuresoi. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50, lakini wote tumeyaona yale yaliyoongezwa wavu juu, viazi vikapandishwa juu ya viazi mpaka gunia likavaa kilemba, na kwa ajili ya kilemba hicho likaitwa mukurino, bila kuwakosea heshima ndugu zetu Waakorino. Dalali hulipenda kwa sababu analipa bei ya gunia moja. Anayeumia ni mwenye shamba, na mwenye mgongo wa kulibeba. Siku zangu nilizishona hivyo hivyo: ng'ombe wawili, kuku arobaini, robo tatu ya ekari ya mahindi, bustani ya kanisa, matanga, harusi, kamati tatu, na kofia kumi na mbili za watoto nilizoahidi kabla ya Krismasi. Nilipougua sikupunguza chochote. Niliongeza kilemba, ili mtu asije akasema mchungaji amelegea.

Kupunguza kulikuja kwa kuanguka, na sitalisimulia hilo leo. Itoshe kwamba ng'ombe mmoja ameuzwa, kuku ni kumi na wawili, na mahindi analima jirani, tunagawana nusu kwa nusu. Sukuma wiki na vitunguu nimevipanda kwenye magunia yaliyosimamishwa kimo cha kiuno ili nisiiname, na nakiri magunia hayo yananipa mboga nyingi kuliko lile tuta nililokuwa najivunia. Ninachokikosa ni kukamua. Hakuna dawa ya hilo. Ile dakika ya kuegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe alfajiri, joto lake likikuingia, maziwa ya kwanza yakipiga chini ya ndoo kwa mlio wa bati kabla povu halijayanyamazisha: hapo ndipo nilipokuwa naombea majina yenu, mmoja mmoja. Sasa nawaombea nikiwa kitandani nasubiri vidole viamke. Ng'ombe alikuwa msaidizi bora.

Nina dhambi ya kuungama, na nimeomba ruhusa ya mhusika kuisema. Miaka kumi na zaidi iliyopita, nikiwa mchungaji kijana upande wa Subukia, kulikuwa na mama mmoja ambaye haji kupalilia shamba la kanisa. Akija, anachelewa, akichelewa, anaketi kivulini. Jumapili moja nikahubiri juu ya mvivu na chungu katika Mithali, nikakoleza na ajizi nyumba ya njaa, nikamalizia na mchagua jembe si mkulima, macho yangu yakiwa kwake. Watu wakageuka kumtazama. Nilirudi nyumbani nikidhani nimehubiri vizuri.

Nilipougua nilimkumbuka yeye kabla sijamkumbuka Ayubu. Nikamtafuta. Kumbe alikuwa na ugonjwa wa moyo, ule unaotokana na homa ya koo ya utotoni isiyotibiwa, na milango ya moyo wake ilikuwa imeharibika siku nyingi kabla sijamjua. Aliniwekea chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua hujui, Mchungaji." Akakoroga sukari yake. "Lakini ungeuliza."

Nimewaambia haya kwa sababu kanisa letu, na mengi ya jirani, yanapenda ushuhuda wenye mwisho. Nilikuwa mgonjwa, wakaniombea, nikapona, Bwana asifiwe, na makofi. Mwenye maradhi yasiyoisha hana mlango wa kuingilia katika ibada ya namna hiyo. Ataanzia wapi, na atapigiwa makofi wakati gani? Katika mkutano mmoja, ambao sitautaja, niliwekewa mkono kwenye paji la uso kwa nguvu mpaka nikayumba, kisha nikaulizwa mbele ya watu kama sasa naweza kukunja ngumi. Nikakunja nusu, kwa adabu. Walishangilia ile nusu. Naamini Mungu huponya, nimeona akiponya. Ninaamini pia kwamba Paulo aliomba mara tatu, mwiba ukabaki, na hakuna aliyemvua utume.

Basi tumtazame Eliya. Tunamkumbuka kwa moto wa Karmeli tunasahau kwamba alikuwa mkimbiaji. Baada ya ukame wa miaka, kiwingu kimeonekana upande wa baharini, mfalme Ahabu akapanda gari lake kuiwahi mvua, na nabii akajifunga kiuno, akamtangulia kwa miguu mpaka Yezreeli. Hiyo ni zaidi ya kilomita 20. Ni kama mtu atoke hapa Njoro, afike mjini Nakuru na kuendelea, farasi wa mfalme wakimhemea kisogoni. Kijana yeyote wa kambi za wanariadha za Nyahururu angemwamkia. Ukifungua sura inayofuata, mtu huyo huyo amekimbia tena, safari hii kwa hofu, zaidi ya kilomita 100 kuelekea kusini mpaka Beer-sheba na jangwa lake, na sasa ameketi chini ya mretemu anaomba afe. Mretemu sijauona maishani mwangu. Nikisoma hapo huwa naweka mgunga mmoja wa kando ya ziwa letu, wenye gome la manjano, na nabii chini yake ameviringika kama mtu mwenye homa.

Malaika alipofika alifanya nini? Hakumuuliza imani imeenda wapi. Hakumkumbusha moto wa Karmeli. Alipika. Mkate wa makaa, na maji kando ya kichwa. Eliya akala, akalala tena. Hapo mimi ningekosea kama ningekuwa malaika: ningesema, umekula, umelala, haya basi, inuka tuone matunda. Yeye alimwacha mtu alale mara ya pili. Kisha akarudi na chakula, akamwambia waziwazi kwamba safari iliyo mbele inamzidi nguvu. Mjumbe wa mbinguni, kwa kinywa chake, anakubali kwamba njia ni ndefu kuliko mtu! Hilo silisikii kwenye vipaza sauti vya mikutano ya injili. Na Mungu mwenyewe hakuuliza swali lolote mpaka Horebu, siku arobaini baadaye, nabii akiwa ameshakula na kulala.

Najua mnachotaka kuniuliza. Kama mchungaji hawezi kufungua mkebe wa maziwa, mbona tunamwona barabarani na raba?

Daktari alinieleza kwamba kulala siku nyingi hukaza viungo, hulegeza misuli inayovishika, na huongeza uchovu huo huo tunaoukimbia kitandani. Mwendo wa kipimo, maradhi yakiwa yametulia, hauvunji viungo kama tulivyodhani zamani. Yeye alisema nitembee. Kukimbia niliongeza mwenyewe, kwa sababu shuleni nilikimbia, na mwili una kumbukumbu zake na kiburi chake. Nahesabu nguzo za umeme kwenye barabara ya vumbi ya nyuma ya mashamba, upande wa Egerton: nguzo moja nakimbia, mbili natembea. Siku ya kwanza nilipitwa na shosho mwenye mzigo wa kuni. Akageuka, akaniuliza kwa wema kabisa ni nani amefariki, maana mchungaji hakimbii bure.

Wanaonipita kila siku ni vijana wa mazoezi. Huja kwa mstari mmoja, miguu ikipiga vumbi kwa mdundo mmoja, na ukisikia mdundo huo nyuma yako unajisogeza kwenye nyasi. Asubuhi moja nikawakuta wanakwenda taratibu kiasi kwamba nguzo moja nzima nilikuwa sambamba nao. Nikadhani nimepona. Nikamuuliza wa mwisho kama wameumia.

"Hapana, Mama. Jana tulikuwa na mlima. Leo mwili unakula."

Nimelifikiria neno hilo kuliko mahubiri mengi niliyosikia mwaka huu. Hawa wanakimbia kwa riziki, katika nchi ya Samuel Wanjiru, kijana wa Nyahururu aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya marathoni ya Olimpiki huko Beijing mwaka 2008, kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Na kati ya mbio za asubuhi na mbio za jioni wanafanya nini? Wanalala. Ukipita kwenye kambi mchana utadhani watu wamehama. Hakuna mama mkwe anayewasema, hakuna mzee wa kanisa anayewanukulia habari za chungu. Usingizi wao umo kwenye ratiba, kama mlima ulivyomo. Uchovu wa mwanariadha tunauheshimu kwa sababu tumeona kilichouleta, tena tunatarajia medali. Wa mgonjwa hatujaona ulikotoka, na hauna medali, kwa hiyo tunaushuku. Nami wa kwanza kuushuku wangu huwa ni mimi.

Mwaka jana nilijiandikisha kwenye mbio za kuchangia ujenzi, kilomita tano. Mbili za kwanza nilihesabu nguzo. Halafu nikaona umati, nikasikia jina langu, nikaacha kuhesabu. Nilimaliza nikipiga ngumi hewani, ngumi nzima safari hiyo. Wiki mbili zilizofuata nililishwa uji kwa kijiko, na nilikosa mazishi ya mzee niliyemwahidi mwenyewe, akiwa hai, kwamba nitamzika. Mwenzangu alimzika vizuri. Bado halijanitoka.

Jioni nafuma. Hapa Njoro kufuma ni kazi ya heshima. Tangu 1998 kuna Kenana Knitters, ambako akina mama wanasokota sufu, wanaitia rangi za mimea, wanafuma twiga na viboko wa kuchezea wanaokwenda hadi ng'ambo, kila mmoja na kibandiko chenye jina la mama aliyemfuma. Mimi si wa daraja lao. Natumia sindano nene za mbao, maana za chuma huuma kwa baridi, na nimejiwekea mistari mitano kwa siku, ikipungua sawa, isizidi. Mstari wa sita ndio huniponza, kama mbio za kilomita tano. Mkono ukiwa mwema unatamani kumaliza upande mzima. Hapo naiweka sufu ndani ya kiondo, nakifunga, nakipeleka chumba kingine.

Kuna mtu ambaye namfikiria sana nikiwa na sindano mkononi. Henry Wanyoike wa Kikuyu alikuwa kijana wa mbio. Mwaka 1995, akiwa na miaka ishirini hivi, alilala mzima, akapata kiharusi usingizini, akaamka karibu haoni kabisa. Kabla dunia haijamjua alikwenda Machakos, kwenye taasisi ya ufundi ya wasioona, akajifunza kufuma. Sweta zilitangulia, medali zikafuata. Mwaka 2000 kwenye Paralimpiki ya Sydney alikimbia mita 5,000 pamoja na mwongozaji ambaye siku hiyo hakuwa mzima. Karibu na mwisho mwongozaji akaishiwa nguvu, na asiyeona akawa ndiye anayemkokota mwenye macho mpaka kwenye mstari. Dhahabu. Miaka minne baadaye, Athens, akachukua dhahabu ya mita 5,000 na ya mita 10,000, rafiki yake wa utotoni Joseph Kibunja akiwa upande wa pili wa kamba iliyounganisha mikono yao.

Kamba ile ya mkononi ni fupi, kiasi cha kufunga ndama. Nyumbani kwetu ipo nyingine ya aina hiyo ingawa haionekani. Mzee wangu anakamua, anafungua vikopo, ananifunga kamba za viatu akiwa amepiga goti kwenye zulia, mwalimu mkuu mzima. Halafu mwezi wa Novemba mgongo wake ulipomshika akawa hawezi kuinuka kwenye kiti, na nani alikuwa anajua kumgeuza mtu mwenye maumivu kitandani bila kumtonesha, nani alikuwa anajua mto unawekwa wapi? Nilikuwa na miaka mitano ya masomo.

Nilikuwa naona aibu kusaidiwa. Nilihesabu kila aliyenifulia, kila aliyenibebea, nikitafuta namna ya kurudisha. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili huko Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, kwa 1:59:40, waongoza kasi 41 walipokezana kumzunguka na kumkinga upepo. Kwa sababu ya msaada wa namna hiyo muda wake haukuandikwa kuwa rekodi rasmi. Sawa. Lakini sijakutana na Mkenya hata mmoja anayesema kwamba siku ile Kipchoge hakukimbia.

Nirudi kwa kijana wa pikipiki. Baada ya Jumanne ile hakusema chochote, wala mimi sikusema. Jumatano alipofika hakuniacha nishike mkebe. Aliuegesha kwenye ngazi, akaufungua mwenyewe, akakirudisha kifuniko juu juu tu bila kukikandamiza, ili asubuhi inayofuata kinitii. Sasa ndivyo tunavyofanya. Inamchukua pumzi tatu.

Yeye ndiye niliyekuwa namfumia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa Agosti, nami nikaahidi sweta la sufu, la kijivu lenye ukingo mwekundu. Kwa mistari mitano kwa siku, ukitoa Jumatatu, ukitoa siku za kitako kilichobonyezwa, ukitoa Januari yote, lilikuwa limebakiza mkono mmoja. Alhamisi nikamletea aone. Akalipima kwa macho, akalishika mabegani, akaanza kucheka kwa haya.

"Mchungaji, huyu anatembea siku hizi. Hili litamfika hapa." Akagusa mbavu zake.

Nikamwambia pole, nitalifumua nianze upya.

"Usifumue," akasema, akiwasha pikipiki. "Mama yake ana mwingine, wa mwezi wa tisa. Wewe endelea tu."